Hachigoro, Msaidizi Mwaminifu

Mwaka 1931 mwandishi Mjapani, Nomura Kodo, alianza kutunga hadithi za Heiji, mpelelezi wa zamani katika mji wa Edo, ambao tangu 1868 huitwa Tokyo. Hadithi hizo zilifika 383. Heiji huwapiga wahalifu kwa kuwarushia sarafu. Msaidizi wake ni Hachigoro. Huyu si mwepesi wa kufahamu, na watu humcheka. Walakini miguu yake haichoki, na masikio yake huokota habari za mitaani. Akisikia jambo, hukimbia upesi kumpasha bwana wake, naye Heiji hulipima kwa akili. Pasipo mbio za huyo achekwaye, asiye na hatia angaliweza kuadhibiwa, na mwenye hatia kuachwa.