Mchumaji Akianguka Mkarafuuni

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unakaribia, na kila mmoja wetu amekwisha kuanza kutengeneza kamba, upembo na pakacha. Yafaa tujitayarishe kwa jambo jingine pia, nalo ni kujua la kufanya mchumaji aangukapo. Mkarafuu mkubwa hufika mita 10 na kuzidi, na tawi lake ni jepesi kuvunjika.

Nakumbuka kijana mmoja aliyeanguka katika shamba la jirani. Tulimkimbilia watu sita, nami nikiwamo. Huyu akamshika kwapani, yule miguuni, tukamkalisha, tukampa maji, kisha tukambeba mgongoni hata barabarani. Yote hayo tuliyafanya kwa huruma. Kijana yule leo hatembei. Daktari hakusema kuwa sisi ndio sababu, wala hakusema kuwa si sisi. Ndipo nilipokwenda kujifunza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Ndani ya pingili za mgongo na shingo umepita mshipa mkubwa wa fahamu utokao katika ubongo. Huo ndio upelekao amri mikononi na miguuni. Pingili yaweza kuvunjika na mshipa ukabaki mzima; lakini mtu yule akikunjwa au akivutwa, mfupa uliovunjika waweza kuuponda, na mshipa ule ukikatika hauungiki. Kwa hiyo, aliyeanguka asinyanyuliwe kwa pupa.

Kwanza, mwambieni atulie. Mmoja apige magoti kichwani pake, amshike kichwa kwa mikono miwili kama alivyokutwa, asimgeuze. Mwingine apige simu kutafuta gari.

Pili, tazameni pumzi. Ikiwa haitiki wala hapumui, au anatweta kwa kukatakata, mlazeni chali mara moja, kwani pumzi hutangulia mgongo. Wekeni viganja katikati ya kifua, mbonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni, msiache mpaka apumue au wafike wenye ujuzi. Ikiwa anapumua lakini anatapika, mgeuzeni ubavu watu wanne pamoja, kwa neno moja, kichwa na kiwiliwili viende sawa.

Tatu, damu. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi wala msifunue kutazama. Kikilowa, ongezeni kingine juu yake. Msitie mchanga, kahawa wala mafuta ya taa. Ikiwa kijiti kimemchoma na kuzama mwilini, msikichomoe.

Nne, mfupa. Mkono au mguu uliovunjika msiunyooshe wala msiukande. Uwekeeni fito zilizozungushiwa nguo, mfunge juu na chini ya palipovunjika, si kwa kukaza mno. Vidole vikipoa au kubadilika rangi, legezeni.

Tano, msimpe chakula wala maji, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunikeni asipate baridi.

Ikiwa gari laweza kufika, msubirini papo hapo. Ikiwa haliwezi, mchukueni juu ya ubao mpana au mlango, amefungwa asiteleze, na kichwa kimeshikwa njia nzima. Msimpakie pikipiki.

Nao wako waangukao wakainuka, wakasema hawajambo. Hao pia wasiachwe peke yao siku ile na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akisema ovyo, au akitokwa na maji au damu masikioni au puani, apelekwe hospitali upesi, hata ikiwa ni usiku wa manane. Dalili hizi hazina tofauti kwa mtoto; naye mtoto mchanga hulia bila ya kunyamazika au hukataa kunyonya. Basi watoto waokotao karafuu wasikae chini ya mti ambao mchumaji yumo juu yake.

Naomba kila dago liweke tangu siku ya kwanza ubao mmoja, fito chache, kamba na vitambaa safi, na kila mmoja ajue namba ya simu ya mwenye gari aliye karibu. Vitu hivi havitugharimu hata thamani ya pishi moja ya karafuu.

Wenu katika kazi,
Katibu