Mbwa wa kienyeji aliyeokolewa kwa damu mpya ya Kongo

KATIKA eneo kame la Ishiara, Embu, mbwa wa kienyeji hulinda boma na mbuzi, lakini ni wachache wanaomhesabu kuwa mali. Kisa cha mbwa wa Kongo aitwaye Basenji chaonyesha thamani yake.

Tangu zamani, wawindaji wa Kongo walimtumia kufukuza wanyama hadi kwenye nyavu. Kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, alifungwa kengele ili wenyewe wajue alipo. Jina lake lahusishwa na neno lile lile la 'washenzi'.

Jozi iliyopelekwa Uingereza mwaka wa 1895 ilikufa kwa maradhi. Uzalishaji ulifaulu miaka ya 1930, baada ya wengine kupelekwa huko. Hata hivyo, Basenji wa ng'ambo walitokana na mbwa wachache mno, na maradhi ya kurithi yakaenea, hasa yale ya figo yaitwayo Fanconi.

Mnamo 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakachukua mbwa wa vijijini. Mwaka wa 1990, chama cha AKC cha Marekani kilifungua daftari lake ili wasajiliwe. Baadaye kikapatikana kipimo cha jeni cha kuwatambua wanaobeba ugonjwa huo.

Lakini damu hiyo mpya ilipatikana kwa sababu vijijini walikuwa wamesalia mbwa ambao hawajachanganywa na wageni. Wakichanganywa wote, hakutakuwa na pa kurudi.