Leseni ya viti vya ndege: somo kwa waagizaji wa bidhaa

Mwaka 2000 British Airways ilianza kuweka katika daraja la biashara viti vinavyolala kabisa kama kitanda. Washindani wake walilazimika kufuata, lakini kubuni kiti kipya ni gharama kubwa. Lazima kipite majaribio ya usalama, likiwemo la kuhimili mshtuko wa mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia.

Virgin Atlantic ilizindua kiti chake mwaka 2003, kikipangwa mshazari. Air New Zealand haikuanza upya, bali ilichukua leseni ya muundo huo. Kwa njia hiyo mnunuzi huokoa muda, na mbunifu hurudisha sehemu ya gharama zake.

Pasipo leseni, mambo huishia mahakamani. Virgin iliishitaki kampuni ya Contour, iliyowatengenezea washindani viti vinavyofanana na vyake. Oktoba 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliipa Virgin ushindi, na fidia iliyodaiwa ilizidi pauni milioni 49. Hata hivyo, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilipunguza wigo wa hataza hiyo, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kuwa fidia hailipwi.

Kwa muagizaji, stakabadhi ya kiwanda huthibitisha malipo tu, si haki ya muundo. Kabla ya kulipa, ni vyema kuuliza hataza ni ya nani, imesajiliwa nchi gani, na mkataba unamtwika nani mzigo kesi ikifunguliwa.