Jinsi Ulinzi Stars inavyosajili bila ada ya kusaini

Mchezaji anayetaka kuvaa jezi ya Ulinzi Stars, timu ya soka ya jeshi la Kenya, hukaguliwa kwanza meno na nyayo. Hupanga foleni kifua wazi pamoja na vijana wengine, bahasha ya kaki yenye cheti cha KCSE mkononi, akapimwa urefu na uzito, akakimbizwa. Akifaulu, hupelekwa Eldoret kwa mafunzo ya makurutu, na ni baada ya paredi ya kufuzu ndipo mpira unaanza kwa dhati. Ada ya kusaini, ile pesa ya mkupuo ambayo klabu nyingine humpa mchezaji siku anapotia sahihi mkataba, hapa haipo.

Watu wa Nakuru wanaifahamu timu hii, kwani kwa miaka mingi uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Afraha. Iliundwa mwaka 1995, ikatwaa Ligi Kuu mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, kisha tena 2010. Mataji manne, na kikosini hakuna mgeni hata mmoja, maana jeshi huandika Wakenya tu. Timu isiyoshindana sokoni kwa fedha ilipataje wachezaji wa kiwango hicho? Jibu linaeleweka vizuri zaidi tukitazama mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, besiboli ya Marekani.

Kule, timu huchagua vijana kwa zamu kila mwaka. Tangu 2012, kila nafasi katika raundi 10 za kwanza imewekewa thamani yake ya fedha, na jumla ya thamani za nafasi za timu ndiyo bajeti yake ya bonasi, yaani ada za kusaini. Ukiipita, unatozwa kodi inayoanzia asilimia 75 ya kiasi ulichozidisha. Ukiipita kwa zaidi ya asilimia 5, unapoteza pia haki ya kuchagua raundi ya kwanza mwaka unaofuata, adhabu ambayo timu zote huiogopa. Kuna mtego mwingine: mchezaji uliyemchagua akikataa kusaini, thamani ya nafasi yake inafutwa kwenye bajeti yako. Huwezi kumwacha aende zake ukamgawia mwenzake fungu hilo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya meneja ni kupanga fedha. Mwaka 2024 timu ya Cleveland walikuwa wa kwanza kuchagua, na nafasi hiyo ilikuwa na thamani ya dola 10,570,600. Walimchukua Travis Bazzana, Mwaustralia, wakakubaliana dola milioni 8.95. Akiba ya zaidi ya milioni 1.6 ikawapa nguvu chini ya orodha: Joey Oakie, mrushaji kutoka shule ya upili aliyechaguliwa raundi ya 3, alipata dola milioni 2, kiasi kinachoipita mbali thamani ya nafasi yake. Kijana wa sekondari ana pa kwenda, anaweza kukataa na kujiunga na chuo kikuu, hivyo bei yake hupanda. Anayemaliza mwaka wa mwisho chuoni hana mlango mwingine, na mara nyingi hupewa bonasi ndogo sana ili fedha zimfikie yule mwenye uwezo wa kukataa. Mimi naona jambo hilo ni dhuluma, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Ulinzi nao wana kikomo, ila chao hakihesabiwi kwa dola. Kikomo chao ni nafasi za jeshi, umri wa kuandikwa na muda. Straika akivunjika mguu katikati ya msimu, kocha hawezi kukimbilia dirisha la Januari kununua mwingine. Itabidi angoje makurutu wafuzu, kwa hiyo kijana wa kumrithi straika yule alipaswa kuonekana miaka miwili au mitatu kabla. Badala ya bonasi, klabu inatoa ajira: mshahara wa cheo unaofika mwisho wa mwezi, matibabu, na kazi ya kurudia siku viatu vitakapotundikwa. Kwa kijana wa Rhonda au Gilgil ambaye wazazi wake hawana akiba, hilo lina uzito kuliko mkupuo utakaokwisha kabla ya Krismasi.

Ligi yetu haina bajeti ya bonasi wala kikomo cha mishahara, na nadhani kikomo si ndicho tunachokihitaji kwanza. Kwetu ugonjwa ni ahadi. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Ada iliyoandikwa kwenye mkataba na isilipwe haimsaidii mtu, iwe kubwa namna gani.

Ningependa Shirikisho la Soka Kenya liweke sharti moja tu: klabu iweke ada ya kusaini na mishahara ya miezi mitatu kwenye akaunti inayosimamiwa na ligi kabla jina la mchezaji halijasajiliwa. Isiyo na fedha hizo icheze na vijana wa mtaa wake. Wakala naye alipwe kutoka akaunti hiyohiyo, baada ya mchezaji kupokea chake.

Mpaka hapo, mzazi wa Nakuru anayeletewa mkataba wa mwanawe aulize mambo mawili kabla ya kiasi cha ada: italipwa tarehe gani, na kijana akiumia goti mwezi wa pili, nani atalipia upasuaji.