Je, Wajua? Ngamani Hakuna Starehe

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa, yanakokusanyika maji yanayovuja. Wengi huufasiri msemo huu kuwa nyumbani ni kuzuri. Lakini ngamani mna giza, maji machafu na uvundo. Uzuri uko wapi? Jibu liko kwenye kazi. Nyufa za jahazi la mbao huzibwa kwa pamba na mafuta, kazi iitwayo kalafati, na bado maji hupenya. Baharia asiporudi ngamani kuyafua, chombo huzama, hata tanga liwe zuri vipi.

Mkazi wa mtaa wa pwani kama Kawe aweza kuuliza: bahari naiona, ila nasafiri kwa daladala, msemo huu wanihusu nini? Unamhusu. Lugha yake ingali majini: ligi "hung'oa nanga" uwanjani, na mambo yakiharibika "huenda mrama", yaani huyumba kama chombo kwenye mawimbi. Kurudi ulikotoka, basi, ni wajibu kabla ya kuwa raha: ndiko kunakovuja, ndiko kunakohitaji mikono yako.