Kuua Nusu ya Bandama

Mashine yetu ya maabara ikinitolea chembe sahani 9,000, siiamini papo hapo. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika maikrolita moja ya damu. Natandaza tone kwenye kioo nitazame kwa hadubini, maana dawa iliyomo kwenye chupa ya sampuli yenye kifuniko cha zambarau huzifanya chembe za watu wengine zishikamane mafungu mafungu, mashine ikapunjwa hesabu. Zikiwa chache kweli, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ni ushahidi: fizi zinavuja damu, miguu imejaa vidoa vyekundu.

Kwa baadhi ya wagonjwa mkosaji ni kinga ya mwili. Huzibandika chembe hizo kingamwili, na bandama ikizipata huzila. Mwaka 1950 huko St. Louis, Marekani, daktari William Harrington alijitia damu ya mgonjwa wa namna hii. Chembe zake zikaporomoka ndani ya saa chache. Ujasiri wa aina hiyo siutamani.

Tiba huanza na vidonge vya prednisoloni. Vikishindwa, zipo dawa nyingine, nyingi za bei kali, na upo upasuaji wa kuitoa bandama. Lakini bandama ndiyo inayochuja vimelea vya malaria na kutukinga na bakteria wa nimonia. Mimi ninayesoma slaidi za malaria kila zamu, kuitoa yote kunanitia hofu.

Ipo njia ya katikati. Daktari wa radiolojia hupenyeza mrija mwembamba kwenye ateri ya kinena, akiufuata kwa eksirei hadi kwenye matawi ya ateri ya bandama, kisha huachilia punje ndogo za kuziba. Sehemu iliyokosa damu hufa na kusinyaa. Miaka ya 1970 madaktari waliziba bandama nzima, na majipu yakaua wagonjwa. Siku hizi hulengwa asilimia 50 hadi 70, kwa kinga ya antibiotiki. Homa na maumivu ya ubavu wa kushoto hutarajiwa, na kwa wengine chembe hushuka tena baadaye.

Njia hii hutumika zaidi kwa wagonjwa wa ini waliovimba bandama. Kwa ugonjwa huu wa kinga si chaguo la kwanza. Tena inahitaji mikono iliyofunzwa, na hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam imekuwa ikifundisha madaktari tiba za mrija wa aina hii tangu 2018.