Je, Wajua? Chunjua za Mtoto na Wanaojisifu Kuziponya

Je, wajua kwamba karibu nusu ya watoto wa shule ya msingi wenye chunjua huwa hawana hata moja baada ya mwaka mmoja, wengi wao bila kupakwa chochote? Watafiti wa Uholanzi waliwakagua watoto mikono na miguu shuleni, wakarudi baadaye kuwakagua tena, na hicho ndicho walichokikuta. Ukingoja miaka miwili, thuluthi mbili ya chunjua huwa zimejiondokea. Kwa mzazi hii ni habari njema. Kwa muuza dawa ni neema tupu. Apake kitunguu saumu, apake mafuta ya nyonyo, asome maneno juu ya kidole: akishapata mteja mwenye subira, chunjua itaanguka na sifa atazichukua yeye. Kwa hiyo mimi dawa ya chunjua naipima kwa jambo moja: maumivu na makovu inayomwachia mtoto wakati mwili wake unajifanyia kazi.

Je, wajua kwamba chura hana hatia? Vile vinundu mgongoni mwake ni tezi za ngozi yake na havimwambukizi mtu. Chunjua huletwa na virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi chake cha HPV. Jamii yao ina aina zaidi ya 200, na zinazopenda mikono na miguu ya watoto ni chache tu, hasa namba 1, 2, 4, 27 na 57. Ushahidi wa mwanzo ulitoka Italia mwaka 1907, pale daktari Giuseppe Ciuffo aliposaga chunjua, akaipitisha kwenye kichujio chembamba kisichoruhusu bakteria kupita, kisha akajichanja mwenyewe kwa maji yaliyobaki. Miezi ikapita. Chunjua zikamwota, na hapo ikajulikana kwamba mwenye kosa ni kiumbe mdogo kuliko bakteria.

Virusi hivyo havina utando wa mafuta kwa nje, ndiyo maana vitakasa mikono vya spiriti havivisumbui sana. Huingia kupitia mchubuko mdogo: ukucha uliong'atwa, kidole kilichochanika, unyayo uliolainika kwa maji. Halafu hukaa kimya. Chunjua inaweza kuchukua mwezi mmoja hadi sita, pengine zaidi, kabla ya kuonekana, kwa hiyo kumtafuta aliyemwambukiza mtoto ni kupoteza muda. Waholanzi wale waligundua pia kwamba watoto huambukizwa zaidi na ndugu wa nyumbani na wenzao wa darasani kuliko kwenye mabafu ya umma, ingawa kandambili bafuni si wazo baya.

Na wauza nyama je? Hao wana aina yao, namba 7, inayoota sana mikononi mwa wachinjaji na wakata samaki. Ng'ombe hawana virusi hivyo. Inadhaniwa mikono yenye maji, baridi na mikato ya kila siku ndiyo huvifungulia mlango.

Jambo moja la kuwatuliza kina mama: HPV inayoleta chunjua ya kidole siyo ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo huletwa zaidi na namba 16 na 18, na chanjo wanayochanjwa wasichana Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019 inalenga hizo. Mpelekeni binti achanjwe, lakini msitegemee sindano hiyo iondoe chunjua ya gotini.

Je, wajua kwamba mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Uingereza aliponywa chunjua kwa kipande cha mafuta ya nguruwe kilichopigiliwa dirishani? Francis Bacon alikuwa na umri wa miaka kama 16, akiishi Paris nyumbani kwa balozi wa Uingereza. Alikuwa na chunjua moja ya kidole tangu utotoni, kisha ndani ya mwezi mmoja zikamwota nyingine, mia hivi, mikono yote miwili. Mke wa balozi akachukua kipande cha mafuta chenye ngozi yake, akamsugua chunjua zote, kisha akakipigilia kwenye nguzo ya dirisha linaloelekea kusini ili jua likiyeyushe. Wiki tano baadaye zote zilikuwa zimekwisha, na ile ya zamani pia. Bacon alikisimulia kisa hicho katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1626, na akili yake inaonekana pale anaposema zile mia hazikumshangaza sana, kwa kuwa zilizokuja kwa haraka huenda zingeondoka kwa haraka. Iliyomshangaza ni ile kongwe.

Miaka 300 baadaye, Zurich, daktari wa ngozi Bruno Bloch aliifanya hadaa hiyo makusudi. Aliwapaka wagonjwa rangi isiyo na dawa yoyote, akawaingiza mikono kwenye mashine yenye taa za kumetameta na kelele nyingi, akawaambia wasiiondoe rangi hadi chunjua zitakapokauka. Wengi walipona. Aliyatangaza matokeo yake mwaka 1927, na tangu hapo madaktari wanabishana: je, imani iliamsha kinga ya mwili, au kalenda ndiyo iliyotibu? Mimi naegemea kalenda. Lakini kwa mtoto mdogo rangi ya bure ni afadhali mara kumi kuliko tindikali kali.

Je, wajua kwamba vile vidoa vyeusi ndani ya chunjua siyo mizizi wala mbegu? Ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Chunjua haina mzizi. Inakaa kwenye tabaka la juu la ngozi, haichimbi hadi mfupani. Dhana ya mzizi ndiyo inayofanya watu washike wembe au sindano wakachimbue, na kwetu kuna sababu ya ziada ya kosa hilo. Mtoto akichechemea, ukamgeuza unyayo ukaona kiduara chenye doa jeusi katikati, unamfikiria funza. Mdudu huyo ni mgeni hapa: mwaka 1872 aliteremka Ambriz, Angola, pamoja na meli iliyoitwa Thomas Mitchell ikitoka Brazili, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa ameshavuka bara na kufika pwani yetu. Watu wakajifunza kumtoa kwa mwiba au pini. Ujuzi uleule ukitumiwa kwenye chunjua humtoa mtoto damu bure, huleta usaha, na hupanda virusi kwenye ngozi ya jirani. Tena pini ikitoka mguu hadi mguu bila kuchemshwa inaweza kubeba mambo mabaya kuliko chunjua.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Funza huwasha sana siku za mwanzo, hukua haraka, na mara nyingi hukaa pembeni mwa ukucha au kisiginoni. Chunjua hukua polepole kwa wiki na miezi. Sugu nayo haina vidoa, na mistari ya ngozi hupita juu yake kama kawaida, ilhali mistari hiyo ikifika kwenye chunjua huizunguka. Ukiibana chunjua ya unyayo pande mbili kwa vidole, mtoto ataruka. Sugu huuma zaidi ukiikandamiza kwa juu.

Je, wajua kwamba baadhi ya dawa za miti zinazosifiwa ndizo za kuogopwa zaidi? Mnyaa, ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, hutoa utomvu mweupe ambao watu hudondoshea chunjua. Unaunguza kweli. Mtoto akijifuta jicho kwa kidole hichohicho anaweza kupofuka kwa siku kadhaa, na watafiti wamekuwa wakiuchunguza utomvu huo kama mmoja wa wachochezi wa saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Kusini mwa Tanzania, kwenye mikorosho, watu hutumia mafuta ya ganda la korosho. Hayo ni yaleyale yanayoibabua na kuitia weusi mikono ya wabanguaji, na viwandani hutumika kutengenezea breki za magari. Chunjua inaweza kweli kuungua, na ngozi nzima inayoizunguka ikaungua pamoja nayo. Kuhusu maji ya betri sitaki hata kueleza. Yasimguse mtoto.

Dawa ya nyumbani inayostahili jina hilo ni asidi ya salisiliki, jamaa wa aspirini, inayouzwa famasi ikiwa ya maji au plasta, mara nyingi kwa nguvu ya asilimia 17. Kazi yake ni kulainisha ngozi ngumu na kuibandua tabaka kwa tabaka. Saa nzuri ni jioni, mtoto akishaoga. Mguu au kidole kinakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika tano, kinafutwa, kisha ile ngozi nyeupe iliyolainika inasuguliwa taratibu kwa tupa ya kucha au jiwe la kusugulia miguu, ambalo halitumiki na mtu mwingine wala mahali pengine mwilini. Hapo unazungushia vaselini kwenye ngozi nzima kama ukuta, unadondosha tone moja juu ya chunjua yenyewe, unaliacha likauke hadi liwe utando mweupe. Mtoto akisema panachoma na pamekuwa pekundu, unapumzika siku mbili tatu. Wengi huacha wiki ya tatu wakidai dawa ni feki. Inahitaji wiki 12.

Isipakwe usoni, sehemu za siri, juu ya alama ya kuzaliwa au kidonda, wala kwa mtoto mwenye kisukari. Kwa aliye chini ya miaka miwili sahau kabisa, na kwa wa miaka mitatu au minne muulize kwanza mhudumu wa afya. Kusema kweli, kwa umri huo na kwa chunjua isiyouma, ushauri wangu ni kuiacha. Ifunike kwa plasta asiing'ate, mkate kucha, mwache akacheze.

Je, wajua kwamba hospitalini chunjua huchomwa kwa baridi? Naitrojeni ya kimiminika ina nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Daktari anachovya kijiti chenye pamba kwenye chupa inayotoa mvuke mweupe, anakigusisha kwenye chunjua sekunde chache, na kiduara cha barafu kinaonekana kikienea juu ya ngozi. Mtoto aliyepakatwa ananyamaza kwanza kwa mshangao. Kisha maumivu yanafika. “Mama, inaungua!” “Tulia baba, anamalizia, anamalizia.” Usiku panatumbuka lengelenge, na baada ya wiki mbili tatu mnarudi kwa awamu nyingine, safari hii mtoto akijua kinachomsubiri. Ndiyo sababu madaktari wengi hawapendi kumfanyia hivyo mtoto mdogo. Kuna pia jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa haraka: seli zinazoipa ngozi rangi hufa mapema kwa baridi, zikifika nyuzijoto tano hivi chini ya sifuri, kwa hiyo ngozi nyeusi inaweza kubaki na baka jeupe hata chunjua ikiisha. Vichupa vya kugandishia vinavyouzwa madukani havifikii baridi ile ya hospitali, na maelezo yake hukataza kuvitumia kwa walio chini ya miaka minne.

Malipo ya mateso hayo ni yapi? Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio la watu 250 wa kuanzia miaka minne. Baada ya wiki 13, waliogandishwa walikuwa wamepona asilimia 39, waliopakwa asidi asilimia 24, na walioachwa vivi hivi asilimia 16. Kwa chunjua za mikononi ugandishaji ulishinda waziwazi, asilimia 49 dhidi ya 15 za asidi. Kwa za nyayoni hakukuwa na tofauti ya maana, na Waingereza nao mwaka uliofuata walikuta tiba zote mbili za unyayo zikifungana kwenye asilimia 14. Nani basi amtie mtoto barafu unyayoni?

Utepe mzito wa kijivu wa mafundi nao umewahi kuwa na siku zake. Utafiti wa Marekani wa 2002 ulidai unaponya asilimia 85 ukiubandika juu ya chunjua, na magazeti yakashangilia. Mwaka 2006 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, wakaujaribu kwa watoto 103 wa shule ya msingi, wakapata asilimia 16, dhidi ya 6 za waliovalishwa kifuniko kisicho na kazi, tofauti ambayo bahati tupu ingeweza kuileta. Kwa kuwa hauumi, atakaye na aubandike.

Zipo chunjua ambazo hazifai kungojewa nyumbani. Inayovuja damu au kubadilika rangi haraka, inayokizingira kitanda cha ukucha, inayomfanya mtoto atembee kwa upande wa mguu, zote ni za daktari. Chunjua bapa zikitapakaa kwa wingi usoni na mikononi, daktari anaweza kupendekeza kipimo cha VVU, kwa sababu kinga iliyodhoofika huzifungulia njia. Mzazi asione ametukanwa. Zikiota sehemu za siri za mtoto, apelekwe bila kuchelewa na bila kumkaripia. Virusi vinaweza kuwa vimetoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwenye mikono ya mlezi, na vinaweza pia kuwa dalili kwamba kuna mtu anamdhuru, jambo ambalo mhudumu mwenye ujuzi ndiye wa kulichunguza. Na si lazima kufika kwa bingwa. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya mwanzo ya 1990, wakarudi kuhudumu mikoani na wilayani kwao, kwa hiyo ukifika hospitali ya mkoa anza kwa kuuliza kama kliniki ya ngozi ipo na ni siku gani.